Kutoka Swichi za Ubaoni hadi Agizo la Mbali: Historia ya Kubadili Mipangilio ya Programu Dhibiti ya Seva bila Kuwasha Upya Mashine

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya namna mipangilio ya programu dhibiti ya seva ilivyohama kutoka mkononi mwa fundi aliyesimama mbele ya mashine hadi kwenye agizo linalotumwa kutoka mbali huku mashine ikiendelea na kazi. Inaonesha kuwa kauli "bila kuwasha upya" imebeba mambo matatu yaliyotatuliwa kwa nyakati tofauti na kwa viwango tofauti: kuandika agizo, agizo kuanza kutumika, na kubadili programu dhibiti yenyewe. Kwa kutumia tofauti ya kisarufi iliyopo kati ya vitenzi *kubadilishwa* na *kubadilika*, makala inabainisha pengo ambalo taarifa za ukaguzi wa mifumo mara nyingi huliziba kwa neno moja. Mwishoni yametolewa mapendekezo kuhusu istilahi, mikataba ya ununuzi na ulinzi wa vituo vya data katika nchi za ukanda unaotumia Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Seva ni kompyuta iliyokusudiwa kutozimwa. Watumiaji wake hawaioni, lakini huduma wanazozitegemea, kama malipo ya simu, rejesta za ardhi, matokeo ya mitihani na kumbukumbu za wagonjwa, husimama pale inaposimama. Kwa sababu hiyo, kila kazi inayohitaji mashine izimwe na kuwashwa upya ina gharama, na kila kazi inayoweza kufanyika bila kuizima inapendwa na watu wa fedha kama inavyopendwa na mafundi.

Chini ya mfumo endeshi wa kila seva kuna programu nyingine inayotangulia kuamka. Hiyo ndiyo programu dhibiti. Hukagua kumbukumbu, huamsha prosesa, hugawa rasilimali kwa kadi zilizochomekwa, kisha hukabidhi mashine kwa mfumo endeshi. Mipangilio yake huamua mambo mengi: mashine ianzie diski ipi, prosesa ifanye kazi kwa kasi au kwa kubana umeme, sehemu ipi ya maunzi ionekane na ipi ifichwe, na programu isiyo na saini halali ikubaliwe au ikataliwe.

Swali la makala hii ni la kihistoria. Ilikuwaje mipangilio ya aina hiyo, ambayo kwa asili husomwa mashine inapoamka, ikaweza kubadilishwa kutoka mbali mashine ikiwa macho? Na je, mabadiliko hayo huwa yamekamilika kwa kiwango gani pale mtumaji anapoambiwa kuwa agizo lake limepokelewa?

Kiswahili kinatoa nyenzo nzuri ya kulijibu swali hili la pili. Sentensi "mpangilio umebadilishwa" ina kitenzi cha kutendwa: kuna mtendaji, na kazi yake imekwisha. Sentensi "mpangilio umebadilika" inaeleza hali ya kitu chenyewe, bila kujali nani alitenda nini. Katika maisha ya kawaida sentensi hizi mbili huandamana. Katika historia ya programu dhibiti zimeachana, na madhara ya kuachana huko si ya kisarufi tu.

2.0 Enzi ya Mkono

Neno la Kiingereza *firmware* linahusishwa na Ascher Opler, aliyelitumia mwaka 1967 katika jarida la Datamation. Alilikusudia kwa maelekezo madogo ya ndani ya prosesa, ambayo si maunzi magumu wala si programu laini ya kawaida. Neno BIOS likafuata miaka ya 1970 kupitia mfumo endeshi wa CP/M wa Gary Kildall, likitaja sehemu ile ya mfumo iliyozungumza moja kwa moja na maunzi.

Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotangazwa Agosti 1981, ilikuwa na BIOS iliyochomwa katika chipu isiyofutika. Mipangilio yake haikuwa data hata kidogo. Ilikuwa swichi ndogo zilizopangwa kwenye ubao mama. Fundi alizima mashine, akafungua kasha, akasukuma swichi kwa ncha ya kalamu kuieleza mashine ina kumbukumbu kiasi gani na skrini ya aina gani, akafunga kasha na kuwasha. Katika hatua hiyo kubadilisha na kubadilika kulikuwa jambo moja. Swichi iliyosukumwa ilionekana kwa jicho, na mashine ilipoamka haikuwa na la kufanya isipokuwa kuitii.

Mwaka 1984 kompyuta ya IBM iitwayo PC/AT ilileta mabadiliko makubwa. Chipu ya saa, Motorola MC146818, ilikuwa na baiti 64 za kumbukumbu zilizohifadhiwa hai na betri. Baiti 14 zilitumiwa na saa yenyewe, na 50 zilizobaki zikapewa kazi ya kutunza mipangilio. Mtumiaji aliwasha mashine kwa disketi maalumu, akajibu maswali, na majibu yakaandikwa katika baiti hizo. Baadaye programu ya mipangilio iliwekwa ndani ya BIOS yenyewe, ikafunguliwa kwa kubonyeza kitufe wakati mashine inaamka.

Jambo dogo lilikuwa limetokea hapo ambalo uzito wake ulionekana baadaye. Mpangilio ulikuwa sasa ni maandishi, na maandishi yanaweza kuandikwa leo na kusomwa kesho. Pengo la kwanza kati ya *kubadilishwa* na *kubadilika* lilifunguliwa katika zile baiti 50.

Pengo hilo lilipanuka pale kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba na kuwasilishwa kwa wanasayansi mwaka 1984, ilipoanza kutumika kuhifadhi BIOS katika miaka ya 1990. Sasa hata programu dhibiti yenyewe iliweza kuandikwa upya mfumo endeshi ukiwa unafanya kazi. Faida ilikuwa wazi, na hasara haikuchelewa. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH, kilichotungwa nchini Taiwan, kilifuta data za kompyuta nyingi duniani, na katika zile ambazo chipu yake haikulindwa kiliandika takataka juu ya BIOS. Mashine hizo hazikuamka tena mpaka chipu ibadilishwe. Tangu hapo watengenezaji wakazidi kuweka kufuli: programu dhibiti inapokaribia kumkabidhi mfumo endeshi mashine, hufunga njia za kuandika katika chipu na kuacha tundu chache zinazolindwa. Kufuli hilo ni sababu mojawapo ya mipangilio mingi kutobadilika mashine ikiwa hai. Liliwekwa kwa makusudi.

3.0 Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Kampuni zenye seva nyingi zilikuwa na tatizo lingine. Seva iliyokwama haiwezi kujisaidia, kwa kuwa programu ambayo ingepokea agizo la msaada nayo imekwama. Jibu lililopatikana lilikuwa kuweka ndani ya seva kompyuta nyingine ndogo, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na njia yake ya mtandao, inayopata umeme hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kompyuta hiyo ndogo hujulikana kwa ufupisho wa BMC, na hapa itaitwa kidhibiti cha ubao mama.

Mwezi Septemba 1998 kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilichapisha toleo la kwanza la viwango vya IPMI, vilivyoeleza namna ya kuzungumza na kidhibiti hicho. Toleo la 1.5 la mwaka 2001 liliruhusu mazungumzo hayo kupita katika mtandao wa kawaida, kwa itifaki ya UDP na mlango namba 623. Toleo la 2.0 la mwaka 2004 liliongeza usimbaji wa mawasiliano na uwezo wa kuiona skrini ya maandishi ya seva kutoka mbali.

IPMI ilimwezesha fundi aliye mji mwingine kusoma joto la prosesa na mzunguko wa feni, kuwasha na kuzima mashine, na kuagiza kuwa safari ijayo mashine ianzie mtandaoni badala ya diski. Haikumpa lugha ya pamoja ya kubadilisha mamia ya mipangilio mingine ya BIOS. Kwa hiyo kila mtengenezaji alibuni zana zake, na shirika lililonunua seva za watengenezaji watatu lililazimika kujifunza lugha tatu.

Ndani ya IPMI kuna kifungu kimoja kinachostahili kuangaliwa na yeyote anayetafuta chimbuko la dhana ya agizo linalosubiri. Agizo la kubadili kifaa cha kuanzia huandikwa pamoja na alama inayosema agizo hili ni halali. Kwa kawaida kidhibiti huifuta alama hiyo ikiwa agizo la kuwasha au kuzima mashine halikufuata ndani ya sekunde 60. Waandishi wa viwango waliona mapema kwamba agizo lililoandikwa bila kutekelezwa ni hatari iliyolala: mashine inaweza kuzimika miezi sita baadaye kwa hitilafu ya umeme, kisha ikaamka ikitii amri ambayo aliyeitoa amekwisha kuisahau. Dawa yao ilikuwa kuipa amri hiyo umri wa dakika moja.

4.0 Vigezo Vinavyodumu

Wakati IPMI inakua, BIOS ya kale ilikuwa inazeeka. Katika maandalizi ya prosesa za Itanium, Intel ilianzisha mpango uliozaa viwango vya EFI. Mwaka 2005 viwango hivyo vilikabidhiwa kwa jukwaa la kampuni nyingi, vikaitwa UEFI, na toleo la 2.0 likatoka mwaka 2006.

UEFI ilileta mambo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza ni vigezo vinavyodumu: vipande vya data vyenye jina na utambulisho, ambavyo mfumo endeshi unaweza kuvisoma na, kwa baadhi, kuviandika mashine ikiwa inafanya kazi. Orodha ya vifaa vya kuanzia ni mfano wake maarufu. La pili, lililoingia katika matoleo yaliyofuata, ni utaratibu wa kueleza menyu za mipangilio kwa maumbo ya data badala ya michoro ya skrini, hivyo kwamba programu nyingine inaweza kuzisoma na kuzijaza bila mtu kukaa mbele ya kibodi.

Uhuru huo mpya nao ulikuwa na bei. Mwaka 2013 ilibainika kuwa baadhi ya kompyuta mpakato za Samsung ziliweza kuharibika kabisa kwa kuanzisha Linux kwa njia ya UEFI. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba amri ya kufuta mafaili yote katika Linux, ikitolewa na msimamizi, ilifuta pia vigezo vya UEFI, na katika baadhi ya mashine zilizotengenezwa bila uangalifu ufutaji huo uliziua. Watunzaji wa Linux wakaviwekea vigezo vingi ulinzi wa kutofutika kwa bahati mbaya. Safari hii hapakuwa na kirusi wala mtu mwenye nia mbaya. Palikuwa na njia iliyofunguliwa kwa ajili ya urahisi, na programu dhibiti iliyodhani kwamba hakuna atakayeipita vibaya.

5.0 Redfish na Vitabu Viwili

Hatua iliyokaribia lugha ya pamoja ilikuja Agosti 2015, pale jumuiya ya viwango ya DMTF ilipochapisha toleo la kwanza la Redfish. Redfish iliachana na itifaki za namba za IPMI ikachukua njia ambazo wajenzi wa tovuti walikuwa wamezizoea, yaani mawasiliano ya HTTPS yenye ujumbe wa maandishi katika muundo wa JSON. Mtu anayejua kuomba ukurasa wa tovuti kwa programu anaweza kuomba mipangilio ya BIOS ya seva.

Kilicho muhimu zaidi kwa historia hii ni namna Redfish ilivyoigawa mipangilio hiyo katika vitabu viwili. Kitabu cha kwanza kinaonesha mipangilio inayotumika sasa, na mteja hakiandiki. Kitabu cha pili kinapokea mipangilio inayotakiwa. Agizo likitumwa, kidhibiti cha ubao mama hulihifadhi katika kitabu cha pili huku seva ikiendelea na kazi bila kuguswa. Mashine itakapowashwa upya, programu dhibiti itakifungua kitabu hicho, itayatekeleza yaliyomo, kisha itaripoti matokeo. Mteja anaweza pia kueleza muda wa utekelezaji: mara moja, mashine itakapowashwa upya, au ndani ya kipindi cha matengenezo kilichopangwa. Pamoja na vitabu hivyo kuna daftari la sifa linaloeleza kila mpangilio unaitwaje, unakubali thamani zipi, na kama unahitaji mashine iwashwe upya ili uanze kutumika.

Mgawanyo huu ulikubali wazi jambo ambalo zana za awali zililificha, kwamba kupokelewa kwa agizo si kutekelezwa kwake. Ndani ya Linux wazo hilohilo lilionekana kuanzia toleo la 5.11 la mwaka 2021, ambapo mipangilio ya BIOS ya baadhi ya mashine za Dell iliweza kusomwa na kuandikwa kama mafaili, na miongoni mwayo likiwamo faili moja linalojibu swali moja tu: je, kuna badiliko linalosubiri mashine iwashwe upya?

6.0 Kinachoweza na Kisichoweza Kubadilika Mashine Ikiwa Hai

Ni rahisi kudhani kwamba kungoja kuwashwa upya ni udhaifu wa uhandisi utakaokwisha siku moja. Kwa sehemu ni kweli, lakini kwa sehemu kubwa sababu ni za msingi.

Kumbukumbu ya mashine hupimwa na kurekebishwa wakati wa kuamka, kwa kuwa vipimo hivyo vinafanyika ikiwa bado haina data ya mtu. Anwani za kadi zilizochomekwa hugawiwa kabla ya mfumo endeshi kuanza kuzitumia, na kuzigawa upya katikati ya kazi ni sawa na kubadili namba za nyumba za mtaa mzima wakati tarishi yuko njiani. Idadi ya viini vya prosesa vinavyoonekana hutangazwa kwa mfumo endeshi mara moja, nao hujipanga kwa kuutegemea tangazo hilo.

Kwa upande mwingine ipo mipangilio ambayo haina haja ya kungoja. Kasi ya feni, kikomo cha umeme ambao seva inaruhusiwa kutumia, anwani ya mtandao ya kidhibiti na nywila za watumiaji wake vyote viko chini ya kidhibiti chenyewe, na kidhibiti kinaweza kuvibadili seva ikiendelea na kazi. Orodha ya vifaa vya kuanzia iko katikati: huandikwa na kukamilika papo hapo, ila maana yake haionekani mpaka mashine iamke tena.

Kuna kundi la tatu linaloleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Baadhi ya mambo ambayo BIOS huyapanga wakati wa kuamka, mfumo endeshi unaweza kuyapanga upya baadaye. Tangu mwaka 2018, baada ya kugunduliwa kwa kasoro za prosesa za mwaka huo, Linux inaweza kuzima uzi wa pili wa kila kiini cha prosesa bila kugusa BIOS wala kuwasha upya mashine. Hapo hali ya mashine imebadilika, lakini mpangilio wa programu dhibiti haujabadilishwa. Mashine ikizimika na kuamka, uzi ule utarudi, isipokuwa kama mfumo endeshi umeagizwa kuuzima kila unapoanza. Kwa hiyo vitenzi vyetu viwili vinaweza kuachana kwa njia zote mbili: umebadilishwa lakini haujabadilika, na umebadilika bila kubadilishwa. Mkaguzi anayesoma kitabu kimoja tu anaweza kudanganyika kwa upande wowote.

7.0 Kubadili Msimbo Wenyewe

Baada ya mipangilio kupata njia yake, matamanio yalisonga hadi kwenye msimbo wa programu dhibiti. Kichocheo cha zamani kilikuwa kasoro ya mgawanyo wa namba katika prosesa ya Pentium iliyojulikana mwaka 1994, ambayo iliifanya Intel itenge dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha prosesa. Kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel ziliweza kupokea marekebisho ya maelekezo yake ya ndani kwa njia ya programu. Marekebisho hayo yaliweza kupakiwa na BIOS mapema, au na mfumo endeshi baadaye.

Januari 2018 kasoro za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, njia hiyo ilijaribiwa kwa kiwango cha dunia. Marekebisho yalitolewa kwa haraka, na tarehe 22 ya mwezi huohuo Intel ikawashauri washirika wake wasitishe kuyasambaza, kwa kuwa yalisababisha baadhi ya mashine kujiwasha upya zenyewe kuliko kawaida. Jitihada ya kuepuka kusimama ilikuwa imeleta kusimama kusikopangwa. Mwaka 2022 Linux, katika toleo lake la 5.19, ilianza kuichukulia hatua ya kupakia marekebisho ya prosesa wakati mfumo umekwisha kuanza kuwa ya hatari, ikiizima kama hali ya kawaida na kuacha alama ya onyo pale inapotumika.

Mwaka huohuo, hata hivyo, toleo la 5.17 lilipokea utaratibu wa kubadilisha sehemu za programu dhibiti zinazoendelea kufanya kazi chini ya mfumo endeshi, bila kuwasha upya. Utaratibu huo ulitoka kwa Intel, ukiwalenga watoa huduma za wingu ambao mikataba yao inawabana kwa kila dakika ya kusimama. Unahusu sehemu ndogo ya programu dhibiti, kwa kuwa sehemu kubwa huwa imemaliza kazi yake pale mfumo endeshi unapoanza, na kuibadilisha hapo hakubadili kitu mpaka kuamka kwingine.

8.0 Bei ya Mlango wa Mbali

Kidhibiti kinachoweza kubadili mipangilio ya seva iliyo hai kina mamlaka kuliko mfumo endeshi wa seva hiyo. Mwaka 2013 mtafiti wa usalama Dan Farmer alionesha kuwa utaratibu wa utambulisho wa IPMI 2.0 unamwezesha mtu asiye na ruhusa kupata umbo lililosimbwa la nywila, akaenda kulivunja mahali pengine kwa wakati wake. Udhaifu huo uko ndani ya viwango vyenyewe, hivyo hauwezi kuzibwa na mtengenezaji mmoja. Julai mwaka huo taasisi ya US-CERT ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu IPMI.

Matukio yaliyofuata yanaonyesha kwamba onyo halikuwa la nadharia. Kidhibiti cha iLO 4 cha Hewlett Packard Enterprise kilikutwa na kasoro, iliyorekebishwa mwaka 2017, ambayo ilimruhusu mgeni kuingia kwa kutuma herufi A mara 29 katika sehemu moja ya ombi. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya Amnpardaz ya Iran walieleza programu hasidi iliyojificha ndani ya vidhibiti vya aina hiyo, ikizuia programu dhibiti isisasishwe huku ikionesha kana kwamba imesasishwa. Kwa lugha ya makala hii, adui aliliishi pengo lenyewe: alimfanya msimamizi aone *imebadilishwa* pasipo kitu kubadilika.

Juni 2023 shirika la CISA la Marekani liliziamuru taasisi za serikali ya nchi hiyo kuondoa njia za usimamizi za vifaa vyao katika intaneti ya wazi au kuziwekea ulinzi maalumu. Juni 2025 kasoro ya programu ya MegaRAC ya kampuni ya AMI, inayotumika katika vidhibiti vya watengenezaji wengi, iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya kasoro zinazojulikana kutumiwa na wavamizi.

9.0 Lugha, Mikataba na Sera

Historia iliyoelezwa imetendeka kwa sehemu kubwa Marekani na Asia ya Mashariki. Nchi za ukanda huu ni wanunuzi, na mnunuzi anapaswa kuwa na maneno ya kuulizia anachokinunua. Tangu nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, na kupitia Kenya na Tanzania zikazifikia Uganda, Rwanda na Burundi, usimamizi wa mashine kutoka mbali umekuwa jambo la kawaida. Wakati huohuo Kiswahili kimepanda hadhi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia nacho kiwe lugha rasmi nchini humo. Lugha rasmi haina budi kuandika mikataba, na mikataba ya vituo vya data ni miongoni mwake.

Kazi ya istilahi za kompyuta si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na umbo *programu dhibiti* limekwisha kuenea katika simu za Kiswahili. Kilichobaki ni istilahi za hali za mpangilio. Kutokana na historia hii, zinafaa tatu. *Mpangilio ulioagizwa* ni ule ambao kidhibiti kimeupokea. *Mpangilio unaosubiri* ni ule uliohifadhiwa ukingoja mashine iamke. *Mpangilio unaotumika* ni ule ambao mashine inautii sasa. Aidha, inafaa kutenganisha *kuwasha upya* seva na *kuanzisha upya* kidhibiti chake, kwa kuwa la pili hufanyika bila huduma kukatika na kuyachanganya kumewahi kuwa chanzo cha hofu isiyo ya lazima na, kinyume chake, cha uzembe.

Kwa washauri wa sera, mambo manne yanafuata. Kwanza, zabuni za seva zitaje Redfish na zidai kwamba mashine iweze kueleza mpangilio unaosubiri kando na unaotumika. Pili, fomu za ukaguzi zisiulize kama mpangilio *umebadilishwa*. Ziulize kama *umebadilika*, na zitaje tarehe ambayo mashine iliwashwa upya baada ya agizo. Tatu, maagizo yanayosubiri yapewe umri, kwa mfano wa zile sekunde 60 za IPMI ingawa muda utakuwa mrefu zaidi, na yanayopitwa na muda yafutwe badala ya kuachwa yalale. Nne, vidhibiti viwekwe katika mtandao wao pekee, usiofikika kutoka intaneti, na kusasishwa kwake kuingizwe katika bajeti ya kila mwaka sawa na mafuta ya jenereta.

10.0 Hitimisho

Fundi wa mwaka 1981 aliijua hali ya mashine yake kwa kuziangalia swichi. Mrithi wake anaweza kubadilisha mipangilio ya seva elfu moja bila kuinuka kitini, na hakuna hata moja itakayosita kuhudumia wateja. Alichopoteza ni uhakika wa macho. Kuandika agizo bila kuwasha upya kumetatuliwa. Kulifanya agizo lianze kutumika bila kuwasha upya kumetatuliwa kwa baadhi ya mipangilio, na kwa mingine hakutatatuliwa kwa sababu za msingi. Kubadili msimbo wenyewe kumeanza kwa hatua fupi. Mradi hali hizo tatu zinaandikwa kwa neno moja katika taarifa, seva inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa na ulinzi uliowekwa katika karatasi na ambao mashine yenyewe haijauanza. Kiswahili tayari kina vitenzi viwili vya kulisema hilo bila utata, na waandishi wa viwango, mikataba na miongozo ya ukanda huu wana wajibu wa kuvitumia kila kimoja mahali pake.